Ningu hapandi mto usiojaa

Kama unaishi Oruchinga au Nakivale, Mto Kagera hauko mbali nawe. Ndio mpaka wa wilaya yetu ya Isingiro na Tanzania, na ni moja ya mito ambayo ningu hupanda kutoka Ziwa Victoria kwenda kuzaa. Samaki huyu, aliyewahi kulisha familia nyingi kandokando ya mito hii, leo yumo katika orodha ya IUCN ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka.

Ningu hukulia ziwani, lakini anapotaka kutaga husubiri mvua. Mto ukianza kujaa, makundi hupanda na kuingia kwenye majani yaliyofunikwa na maji pembeni. Humo hutaga, kisha hurudi ziwani. Mto usipofika kwenye majani hayo, msimu umepotea. Ukifurika na kushuka ghafla, mayai na vifaranga hubaki nchi kavu.

Kinachofanya maji yashuke polepole ni vinamasi. Mafunjo huyashika maji na kuyaachia kidogo kidogo. Tukiyafyeka na kulima hadi ukingoni, mvua ya usiku mmoja hupita mara moja na kuacha matope. Utazame Rwizi, unaolisha Ziwa Nakivale: vinamasi vyake vingi vimegeuzwa mashamba na malisho, na wakati wa kiangazi maji hupungua sana.

Halafu kuna nyavu. Wavuvi walizitega kwenye midomo ya mito wakati ule ule samaki wanapopanda, majike wamejaa mayai. Katika Mto Nzoia, Kenya, uvuvi wa ningu ulikuwa umeporomoka kufikia miaka ya 1960. Kwa hiyo ukisikia mwenyeji akisema wakimbizi ndio waliomaliza samaki, mkumbushe tarehe hiyo. Lakini nasi tusijitoe: wavu unaoziba kijito kizima mwezi Aprili hauulizi aliyeutega alitoka wapi.

Watafiti wa Kajjansi wamefaulu kumzalisha ningu kwa sindano ya homoni, na huenda siku moja utamfuga bwawani. Ni habari njema kwa sufuria, ila bwawa halijazi mto. Mvua zikianza, acha njia ya maji wazi angalau wiki zile za kwanza, na kabla ya kufyeka mafunjo zungumza na mwenyekiti wa kijiji au wa zoni yako, kwa kuwa kinamasi kinalindwa na sheria ya Uganda kwa mkimbizi na mwenyeji vilevile.