Kiwanja "safi" Dodoma kina deni la maji

Katika matangazo ya viwanja vya Dodoma kuna neno moja linalopandisha bei bila sababu ya msingi, nalo ni "safi". Kiwanja safi, kwa lugha ya madalali, ni kile ambacho katapila limeshapita, vichaka vimeondolewa, visiki vimeng'olewa na udongo mwekundu umebaki wazi kama uwanja wa mpira. Mnunuzi hufurahi kwa kuwa anaona fedha zake zimenunua eneo lililo tayari kwa msingi wa nyumba. Maoni ya safu hii ni kwamba kiwanja cha namna hiyo kilistahili kupunguzwa bei.

Tuanze na hesabu. Dodoma hupata mvua ya msimu mmoja, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Aprili, na jumla yake kwa mwaka haifiki milimita 600 katika miaka mingi. Kuanzia Mei hadi Novemba ni takriban wiki 30 za ukavu, upepo na vumbi. Tukichukulia kwamba mche mmoja unahitaji ndoo ya lita 10 mara 2 kwa wiki, kiangazi kimoja kitameza lita 600. Miche 10 ni lita 6,000, na kwa viangazi viwili, kabla mizizi haijaweza kujitafutia, ni lita 12,000. Bei ya mche kwenye kitalu si kitu. Gharama iko kwenye ankara ya maji, au kwa yule ambaye bomba halijamfikia, kwenye boza. Na maji yenyewe si ya kuchezea, kwani mji huu kwa miaka mingi umetegemea visima vya Mzakwe.

Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, mashamba na mapori ya pembezoni yaligeuka viwanja kwa kasi kubwa. Desemba 2017 ilizinduliwa kampeni ya kuifanya Dodoma kuwa ya kijani, na tangu hapo mwenye kiwanja amekuwa akihimizwa kupanda miti. Sina ugomvi na kampeni hiyo. Ugomvi wangu ni juu ya nani anabebeshwa mzigo.

Mwezi uliopita nilifuatana na jamaa mmoja, mfanyabiashara wa nafaka, kwenda kutazama viwanja upande wa Iyumbu. Ilikuwa saa 8 mchana na hapakuwa na mahali pa kusimama kivulini katika vitalu vyote tulivyoonyeshwa. Nilimuuliza dalali palikuwa na nini kabla ya greda. "Pori tu, kaka. Migunga na mibuyu miwili hivi." Akaongeza kwa fahari kwamba waliitoa yote ili mteja asisumbuke. Jamaa yangu akipewa hati, itakuja na masharti ya uendelezaji kama Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inavyoelekeza, na akidaiwa miti ataanza na mche wa urefu wa rula pale pale palipokuwa na mgunga uliokwisha kumaliza kazi ya kujiotesha.

Hapo ndipo penye kasoro. Anayeng'oa ni muuzaji, kwa sababu kusafisha kwa pamoja ni rahisi na eneo tupu hupimika haraka. Anayetakiwa kupanda na kumwagilia ni mnunuzi. Faida inakwenda mfuko mmoja na hasara mfuko mwingine, na muuzaji hana sababu yoyote ya kibiashara ya kumwacha dereva wa katapila azunguke mti. Miradi mikubwa hupitia tathmini ya athari kwa mazingira chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, lakini mtu wa kiwanja kimoja hukutana na suala la miti wakati imeshakwisha.

Wakulima wa mkoa huu wanalijua jambo hili kuliko sisi wa mjini. Wana mbinu wanayoiita kisiki hai: unachagua machipukizi machache yenye nguvu kwenye kisiki cha zamani, unapogoa mengine, unakilinda kisiliwe na mifugo, na mti unarudi bila kumwagiliwa, kwa kuwa mizizi yake iko chini tayari. Kondoa nako, baada ya mifugo kuondolewa mwaka 1979 katika eneo lililomomonyoka chini ya mradi wa HADO, uoto ulirudi wenyewe kwa kiasi kikubwa. Katapila linapong'oa kisiki linatupa mtaji huo wote.

Kwa hiyo sharti la miti lihamie kwenye hatua ya upimaji, kabla ya mauzo. Anayeomba kuidhinishiwa ramani ya viwanja 200 aonyeshe miti na visiki vilivyopo, aache vile visivyoziba barabara wala kukaa katikati ya eneo la kujenga, na vihesabiwe katika idadi inayotakiwa. Akishaviondoa vyote, aweke dhamana ya fedha itakayorudishwa baada ya kiangazi cha pili kwa kadiri ya miti itakayokuwa hai. Singapore ilitenga maeneo ya kuhifadhi miti mwaka 1991, na humo mti wenye mzingo unaozidi mita 1 haukatwi bila kibali hata ukiwa ndani ya ua wa mtu binafsi. Sisemi tuige hadi huko. Mtu wa kiwanja kimoja, aliyekusanya fedha kwa miaka, asitozwe dhamana yoyote.

Wauzaji watasema bei itapanda. Huenda, kidogo. Lakini viwanja 200 vyenye miche 10 kila kimoja vinahitaji, kwa hesabu ile ile, lita 1,200,000 kila kiangazi, na fedha hiyo inalipwa sasa hivi na wanunuzi, ila haiandikwi popote. Wengi wao hawailipi, ndiyo maana miche hukauka kufikia Septemba. Hoja ya mizizi kupasua kuta ni ya kweli kwa mti ulio karibu mno na msingi, na dawa yake ni kusogeza nyumba kwenye mchoro.

Kwa anayetaka kununua kabla ya mvua za Desemba: nenda ukaone kiwanja mchana, si asubuhi. Uliza ni lini greda lilipita na omba picha za kabla yake. Ukikuta mgunga au mkwaju pembeni mwa mpaka, mwambie muuzaji kwa maandishi usiguswe. Ukikuta patupu, piga hesabu ya lita zako 12,000 kwa bei ya maji ya mtaa ule, kisha uikate kwenye bei aliyotaja.