Kisukari: Pimeni hiyo mizizi, acheni porojo!

Pita Mwanjelwa, Mbeya, au sokoni Iringa mjini, utakuta chupa za soda zimejazwa dawa yenye rangi ya chai ya rangi. Muuzaji anaapa kwamba inamaliza kisukari. Muulize ni mti gani, atakwambia ni siri ya ukoo. Muulize kipimo, atakuonyesha kikombe!

Ndugu msomaji, simkejeli mganga. Hata metformini, kidonge wanachomeza wagonjwa wa kisukari dunia nzima, kilitokana na uchunguzi wa kemikali za Galega officinalis, mmea wa Ulaya. Wenyewe ulikuwa na sumu. Wataalamu wakatafuta ndugu yake asiye na makali, na mwaka 1957 daktari Mfaransa, Jean Sterne, akatangaza matokeo ya kumjaribu kwa wagonjwa. Wao walitoka kwenye jani hadi kwenye kidonge. Sisi bado tuko kwenye chupa ya soda.

Na si kwamba hatuwezi. Mafinga kuna kiwanda kinachosindika maua ya pareto na kutoa sumu ya wadudu kwa kipimo kinachojulikana, maana mnunuzi wa nje hanunui porojo. Mbeya kuna kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kilichokwisha kushiriki majaribio ya dawa za kifua kikuu. Kumbe kuua mende wa Ulaya tunapima, kumtibu mama mwenye kisukari tunakadiria kwa macho!

Watafiti wa Muhimbili walikwisha kuonyesha njia. Waliwapa wagonjwa 21 dawa ya mmea wa Phyllanthus amarus, na mwaka 2001 matokeo yakachapishwa: wiki moja ya kuinywa haikushusha sukari. Hao ndio wanaume! Wamesema hadharani kwamba dawa haikufanya kazi. Miaka 10 baadaye, mwaka 2011, taifa likahamia Loliondo kunywa kikombe cha sh. 500, na kisukari kilikuwa katika orodha ya magonjwa yaliyosemwa yanapona. Vigogo walipanga foleni na walalahoi. Ni vigogo hao hao wanaoamua mtafiti apate fungu gani la bajeti.

Watatujibu kwamba sheria ya tiba asili ipo tangu mwaka 2002, na Baraza lipo. Sawa. Lakini cheti cha mganga ni ruhusa ya kufanya kazi, si ushahidi kwamba chupa yake inashusha sukari. Na hapa hakuna mchezo: kijana anayeishi kwa sindano za insulini akiziacha kwa ajili ya chupa, anaweza kufa ndani ya siku chache. Anayechanganya chupa na vidonge anaweza kushukiwa sukari hadi azimie barabarani, nanyi mkadhani kalewa.

Basi zichukuliwe zile chupa zinazouzwa sana Mwanjelwa na Iringa. Mti utambuliwe, sumu ya ini na figo ichunguzwe, kisha wagonjwa waliokubali wapimwe kwa miezi, si kwa ushuhuda wa jirani. Mganga apewe kwanza mkataba wa mgao wake, kwa maandishi. Asipoupata atanyamaza, na ana haki, maana akitaja mti bure kesho atauziwa ukiwa kwenye paketi. Matokeo yabandikwe pale pale sokoni, hata yakiwa sifuri.