ATI NI UZEMBE WA FUNDI!

Ndugu wafanya kazi,

Kila mpaka rangi akianguka, matajiri wanalo neno moja tu: uzembe. Ati fundi hakushika vizuri. Ati alikuwa na haraka. Na ni nani aliyemwambia ukuta ule lazima uishe kabla ya Jumamosi?

Siku hizi kuna makontrakta walioacha jukwaa la miti wakakodi mashine ya kikapu, ile inayomwinua mtu kwa mkono mrefu wa chuma. Hatuikatai mashine. Twakataa namna inavyoletwa: mashine yaja, mkanda wa usalama hauji, wala mtu wa kufundisha haji. Kibarua wa jana aambiwa, "Panda, utaizoea."

Tuseme wazi inavyoua. Gurudumu likiingia shimoni, hata shimo dogo, huku chini mashine yatikisika kidogo tu. Lakini kule juu kikapu charushwa kama jiwe la kombeo, na fundi ambaye mkanda wake haukufungwa kikapuni atupwa nje. Udongo ukiwa laini, yapinduka yote. Na nyaya za stima huna haja hata ya kuzigusa. Ukizikaribia tu, stima yaweza kuruka ikufikie. Je, mwenye brashi ndiye aliyeacha kusawazisha uwanja? Ndiye aliyeacha kukata stima?

Sasa sikilizeni, maana hili hawalitangazi. Sheria ya fidia ya mwaka 2007 yasema kwamba mfanya kazi akifa au akilemaa vibaya, hata kosa lake la makusudi haliondoi fidia. Sembuse kuteleza! Aliyelemaa kabisa huhesabiwa mapato ya miezi 96. Sheria ya usalama kazini, ya mwaka huo huo, yamkataza tajiri kukurudisha penye hatari kubwa uliyomwarifu msimamizi, mpaka aiondoe.

Basi "uzembe" ni neno la kututisha tusidai. Likishindwa, laja la pili: kontrakta asema huyu ni mtu wa fundi mkuu, fundi mkuu asema ni kibarua wa siku moja tu, na majeruhi yuko wodini akingoja wamalize kusukumana.

Kabla ya kupanda, ulizeni mkanda uko wapi, na cheti cha kukaguliwa kwa mashine kiko wapi. Ukinyimwa, baki chini, mwambie msimamizi mbele ya mashahidi wawili, kisha lete jina la kontrakta na tarehe ofisini kwa Chama.