Mawese si divai ya Porto

Soko la Baraka, hapa kwetu Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, lina mabingwa wengi wa mawese, na kila bingwa ana neno lake. Wiki hii nimelisikia tena lile linaloniudhi kuliko yote: "Mawese ni kama divai ya wazungu, yakikaa ndipo yanapokolea." Aliyelisema ana bidoni kumi na mbili nyuma ya nyumba, kazifungia tangu msimu wa mavuno akingoja bei ipande. Kungoja bei si kosa, watu wana ada za shule za kulipa. Lakini asimwambie mnunuzi kwamba harufu ile ni ukomavu.

Kwanza divai yenyewe imesingiziwa. Chukua Porto, divai inayosifika kwa kukaa: hutoka bonde la mto Douro, Ureno. Maji ya zabibu yakiwa katikati ya kuchachuka, humiminiwa pombe kali ya zabibu yenye kileo cha asilimia 77. Hamira hufa, sukari hubaki, kileo hutulia kwenye asilimia 20 hivi. Ile ya mwaka mmoja ulioteuliwa, kama 1963 au 1977, hukaa miaka 2 au 3 kwenye mapipa, kisha hutiwa chupani na kulazwa gizani miaka 20, 30, hata zaidi. Humo ukali wa maganda ya zabibu hulegea polepole na kutua chini kama mashapo. Divai hiyo basi ina ukali wa kulainika, na ina sukari na kileo cha kuilinda wakati inalainika. Mawese yana nini? Ndani ya bidoni kuna hewa, kuna matone ya maji yaliyosalia jikoni, na ikiwa bidoni inapitisha mwanga, jua nalo linaingia. Vyote vitatu vinaharibu. Mawese mazuri yanaweza kutunzwa, na mtunzaji hodari huyafikisha mbali, lakini hakuna siku yatakayokuwa mazuri kuliko siku yalipotoka motoni.

"Yakikwaruza koo ndiyo yenye nguvu." Hili linaniuma zaidi, maana linageuza dosari kuwa sifa. Mkwaruzo ule ni asidi. Tunda la mchikichi likishapondeka, vimeng'enya vyake lenyewe huanza kuyavunja mafuta kuwa asidi hiyo, na kazi hiyo huanza kabla hata ya kukamua, pale mikungu inaporundikwa siku nne, tano, wiki, ili ngazi, yaani matunda yake, zipukutike zenyewe bila jasho la shoka. Katika biashara ya kimataifa, mawese ghafi yakizidi asilimia 5 ya asidi hiyo huhesabiwa kuwa duni.

Mama mmoja anayekamua karibu na ziwa alinionyesha jambo hili bila kipimo chochote. Alikuwa na mafuta ya aina mbili, yote yamepikwa jana yake: haya ya mikungu iliyokatwa juzi, yale ya mikungu iliyolala wiki nzima chini ya majani. Akapasha kijiko kimoja kimoja juu ya makaa. La kwanza lilinukia kama boga lililoiva. La pili lilikuwa na harufu ya kitambaa kilichokauka vibaya. Kwenye ulimi sikuona tofauti kubwa, nikataka kusema. Akaniinulia mkono: "Subiri, baba. Ulimi unadanganyika, ngoja koo liseme." Nikamaliza kuhesabu kumi, koo likasema. Mafuta ya siku moja, na tayari ya pili yalikuwa yamezeeka.

Ndiyo maana sikubali pia ile ya "mchikichi wa babu una mafuta matamu kuliko wa mbegu mpya." Tofauti ya miti hiyo tunaijua tangu 1941, Beirnaert na Vanderweyen walipoonyesha kule Yangambi, hapa hapa Kongo, kwamba tenera, yenye kokwa la ganda jembamba, ni mtoto wa dura mwenye ganda nene na pisifera asiye na ganda. Ganda likipungua, nyama ya tunda inaongezeka, na mafuta nayo. Hiyo ni habari ya wingi; kwa utamu, sijaona mkungu wa babu uliorundikwa wiki nzima ukaushinda wa tenera uliokamuliwa kesho yake.

Wekundu? Unatoka kwenye karotini, na ni kweli jua na hewa huufifisha. Lakini rangi peke yake haitoshi kuwa shahidi. Ghana mwaka 2015 walikuta mawese sokoni yametiwa rangi ya Sudani IV, rangi ya viwandani isiyofaa kuliwa. Nusa kwanza, ndipo utazame.

Na wanunuzi wa Bukavu, tafadhali: mawese yakiganda hayajachanganywa. Karibu nusu yake ni mafuta ya jamii inayoganda. Ziwa letu la Tanganyika liko mita 770 hivi juu ya bahari, lenu la Kivu liko mita 1,460. Mzigo ulioondoka Baraka ukitiririka utafika kwenu umeshikana kama uji wa jana. Mimi ningeyahoji yale yanayokataa kuganda kwenye baridi yenu.

Limebaki la mwisho, "ukiyachemsha upya yanarudi." Moto hufukuza maji na harufu kidogo. Asidi haiondoki, na wekundu unazidi kupotea.

Yule wa bidoni kumi na mbili nilimwomba afungue moja, tukapasha kijiko, akaonja mwenyewe. Hakufika kumi. Siku ya tatu alimwuzia mpika sabuni bidoni zote, kwa bei ya chini, na huyo hakuuliza umri: magadi hayabagui asidi, na sabuni iliyotoka ilikuwa na povu zuri.