Tabibu wa Mgongo Aishie Wapi?

Aumwaye mgongo huwa mwepesi wa kuuamini mkono wowote unaomwahidi nafuu. Kwa hiyo mjadala wa nchi za Magharibi kuhusu mipaka ya tiba ya kairopraktiki, yaani kunyoosha uti wa mgongo na viungo kwa mikono, unazihusu familia zetu pia.

Tiba hii ilianza mwaka 1895 katika mji wa Davenport, Marekani, D.D. Palmer alipodai kumrudishia mtu uwezo wa kusikia kwa kumnyoosha mgongo. Hapo ikazaliwa itikadi kwamba maradhi mengi hutokana na pingili zilizohama mahali pake. Utafiti haukuithibitisha itikadi hiyo. Uliloonyesha ni dogo zaidi, nalo si haba: kwa maumivu ya kiuno, tiba hii huweza kuleta nafuu inayokaribiana na ya mazoezi.

Leo matabibu hawa wamegawanyika. Wapo wanaotosheka na mgongo na viungo. Wapo wanaotaka ruhusa ya kuandika dawa, kama ilivyo kwa waliopata mafunzo ya ziada katika jimbo la New Mexico. Na wapo wanaotibu hata vichanga wenye msokoto wa tumbo.

Uswisi ilitanguliza elimu: tangu 2008, katika Chuo Kikuu cha Zurich, wanafunzi wa kairopraktiki husoma pamoja na wanafunzi wa udaktari. Nchini Australia, mwaka 2019, bodi ya taaluma hiyo iliwataka matabibu wasiwanyooshe mgongo watoto wa chini ya miaka miwili. Uchunguzi wa jimbo la Victoria mwaka huohuo ulikuta ushahidi mchache wa madhara, lakini ushahidi wa faida nao ulikuwa dhaifu.

Hapo ndipo penye funzo. Kutoonekana kwa madhara hakutoshi kuwa sababu ya kumgusa mtoto asiyeweza kujisemea. Eneo la tabibu lipanuliwe na elimu na ushahidi, si kwa wingi wa wateja.

Basi mzazi, uliza: umesomea wapi? Nani anakusimamia? Nisipopata nafuu, utanipeleka kwa nani? Na maumivu ya mgongo yakiambatana na homa, ganzi ya mapajani au kushindwa kuzuia mkojo, mgonjwa apelekwe hospitali bila kuchelewa. Tabibu anayekerwa na maswali hayo, usimkabidhi mgongo wa mwanao.