Biharusi wa Kambarage na wakfu wa mtafiti



Wapo mabiharusi wetu wanaovuka bahari kwenda kuolewa bara, na wengine hufika mbali: Kambarage pale Shinyanga mjini, au Geita kwenye machimbo ya dhahabu. Somo huwafunza udi, usafi na adabu za chumbani. Shingo ya kizazi haitajwi. Na hiyo ndiyo saratani inayoongoza kwa kuua wanawake Tanzania. Kwa makadirio ya mwaka 2020, wagonjwa wapya walizidi 10,000 na waliofariki walizidi 6,000.

Chanzo chake ni virusi vya HPV, vinavyoambukizwa kwa kujamiiana. Mke aliyejitunza tangu usichana wake anaweza kuvipata kwa mumewe wa halali, na mume naye huenda amevibeba miaka bila ya kujua. Kwa hiyo mgonjwa asitiwe aibu. Kipimo cha siki ni cha dakika chache tu. Lakini saratani ikishakomaa, mwanamke wa Kambarage ana safari ya Bugando, Mwanza, au ya Ocean Road, Dar es Salaam, huko huko tunakopelekwa na sisi wa visiwani.

Huko huko Mwanza kumetoka jambo kubwa ambalo sisikii tukilizungumza. Wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 walishiriki utafiti uliopewa jina la DoRIS, uliolinganisha dozi moja, mbili na tatu za chanjo ya HPV. Matokeo yaliyochapishwa 2022 yalionesha kuwa miaka miwili baada ya dozi moja tu, takriban wasichana wote walikuwa bado na kinga. Kenya nako kulikuwa na utafiti wake, KEN SHE. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likakubali kuwa dozi moja yaweza kutosha, na Aprili 2024 Tanzania ikahamia huko. Mwanao akichomwa sindano mara moja skuli akamaliza, basi ni kwa kazi kama hiyo.

Kazi ya Mwanza ilifanywa na watafiti wa NIMR na London School of Hygiene & Tropical Medicine, kwa fedha za Uingereza na za wakfu wa Bill na Melinda Gates. Tunashukuru. Ila mfuko wa mgeni hufungwa na mwenyewe akitaka. Mei 2025 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilitangaza kusimamisha utaratibu wa kugawa ruzuku zao kupitia kwa washirika walio nje ya nchi hiyo, mpaka upangwe upya. Hapo anayeumia mapema ni daktari kijana aliyemaliza shahada ya uzamivu, anayehitaji miaka miwili au mitatu ya kufanya utafiti chini ya bingwa, hapa na ng'ambo, kabla hajaweza kuongoza utafiti wake. Tukiwakosa hao, sisi tutabaki watoa mikono ya kuchomwa sindano, na maswali watatutungia wengine.

Mimi naona hapa pana kazi ya wakfu. Siombi zaka, zaka ina wenyewe wanane. Wakfu ndio uliolisha na kutibu watu katika hospitali ya Sultan Qalawun mjini Cairo tangu karne ya 13, na waganga walisomeshwa humo humo. Sisi tumezoea kuwakfia msikiti, kisima na mikarafuu, na ni kheri. Lakini nyumba moja ya kupangisha Darajani, kodi yake ikasomesha mtafiti mwanamke, kuna ubaya gani? Masheikh watueleze masharti yake.

Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ipo hapa hapa Unguja. Tuanze na mtafiti mmoja, tumpeleke Bugando, na sharti letu liwe moja: swali lake alitoe kwa wanawake wa Geita na Shinyanga, na majibu awarudishie wao kwanza, kwa Kiswahili.