Mnyang'anyi Naye Kaandika Gerezani

Ukianza mjadala wa fasihi ya gerezani hapa Kenya, majina huwa ni yale yale: Abdilatif Abdalla, Ngũgĩ wa Thiong'o, Alamin Mazrui, Maina wa Kinyatti. Simtoi hata mmoja. Ninachokipinga ni imani iliyojificha nyuma ya majina hayo, kwamba mwandishi wa gerezani ni yule tu aliyefungwa kwa ajili ya siasa. Jambazi akiandika, kitabu chake huwekwa kwenye hadithi za kusisimua, na wahakiki hukipita kana kwamba hawakukiona.

Waulize kipimo chao ni nini. Watakwambia: kazi iwe imeandikiwa ndani ya kuta. Haya basi. Riwaya tunayoisoma kwa Kiswahili kama Shetani Msalabani, Ngũgĩ aliiandika katika gereza la Kamiti mwaka 1978, kwenye karatasi za chooni. Ukiifungua hukuti gereza. Unakuta msichana Warĩĩnga, matatu iendayo Ilmorog, na mashindano ya wezi wakubwa wanaojigamba kwa walivyowanyonya watu. John Kiriamiti, aliyefungwa mwaka 1971 kwa unyang'anyi, naye aliandika My Life in Crime akiwa mfungwa, ikatoka 1984. Nayo inasimulia zaidi maisha ya nje. Kama kuta ndizo kipimo, vitabu hivi viwili vinasimama pamoja au vinaanguka pamoja.

Hapo watageuza: la, tunatazama maudhui. Lakini katika Sauti ya Dhiki, diwani ya Abdilatif ya gerezani, kuna shairi la ndugu wawili wanaogombania mnazi, na halina pingu wala askari jela. Hakuna mwenye akili atakayelitoa katika diwani hiyo. Kwa upande mwingine, Birds of Kamiti ya Benjamin Garth Bundeh, iliyotoka 1991, ni kisa cha mtu aliyehukumiwa kunyongwa kwa mauaji hadi Mahakama ya Rufaa ilipomwachia. Kwa maudhui, hicho ndicho kingetangulia vyote. Ni mihadhara mingapi ya fasihi inayokitaja?

Kipimo chenyewe, basi, ni heshima ya kosa. Tumeikabidhi hati ya mashtaka kazi ya mhakiki. Tena ni kipimo kibovu hata kwa wale tunaowaenzi: Abdilatif alipelekwa mahakamani kwa sababu ya kijikaratasi chake, Kenya: Twendapi?, akapatikana na hatia. Kwenye vitabu vya serikali ya wakati ule alikuwa mhalifu kama wahalifu wengine.

Lakini linaloniuma zaidi ni hili. Wafungwa wa siasa walitengwa. Abdilatif alifungiwa chumba cha peke yake. Ngũgĩ aliwekwa pamoja na waliozuiliwa bila kushtakiwa, mbali na wafungwa wa kawaida. Wametueleza upweke kwa ustadi mkubwa, na lazima iwe hivyo, kwani upweke ndio waliopewa. Nani basi atatueleza chumba kilichojaa, ambamo watu hulala ubavu kwa ubavu na mmoja akitaka kugeuka inabidi wote wageuke? Nani atatueleza kuchuchumaa wakati wa kuhesabiwa, ubabe wa nyapara, au mahabusu anayeoza rumande kwa kukosa dhamana, huku kesi yake ikiahirishwa kila mara? Hayo anayajua mwizi wa kuku. Tukimfungia mlango wa fasihi, gereza tunalolisoma litakuwa gereza la wachache tu.

Najua kuna wanaosema kumpa mnyang'anyi nafasi hiyo ni kuwatukana aliowaibia. Hasira yao naielewa. Lakini kusoma si kusamehe, na kuwekwa kwenye silabasi si nishani. Msomaji anaweza kumchukia Kiriamiti kwa alichowatenda watu na bado akajifunza kutoka kwake mambo ambayo mfungwa wa siasa hakupata nafasi ya kuyaona.

Wanaotunga silabasi za vyuo vikuu waiweke Sauti ya Dhiki wiki moja na Birds of Kamiti, chumba cha upweke kisomwe sambamba na safu ya wanaongoja kitanzi. Wachapishaji wa Kiswahili nao wayapokee madaftari ya wafungwa wasiojulikana, wayahariri kwa subira ile ile wanayompa profesa. Mimi nataka kusoma kitabu cha mwanamke aliyefungwa katika gereza la wanawake la Lang'ata kwa kupika chang'aa, akieleza kwa Kiswahili chake mwenyewe nani alibaki na watoto.